Mrejesho: Nani ananunua kampuni yetu hapa Mbeya?

Wakuu, niliuliza kama niuze hisa zangu kwenye kampuni yetu ndogo ya programu za vyama vya ushirika wa kahawa, maana wanahisa tulikuwa tunabishana: wengine wanasema mnunuzi ni mtandao wa simu, wengine benki.

Sijauza. Mlinishauri nianze na katiba ya kampuni, nikakaa nayo usiku mzima. Kumbe anayetaka kuuza lazima atuuzie kwanza sisi wenzake, wote. Juzi kwenye kikao kule Mwanjelwa, mwenyekiti akasema hakuna ofa yoyote ya maandishi. Aliyekuwa ananibembeleza nimuuzie harakaharaka ni mwanahisa mwenzetu, anajikusanyia hisa. Imeniuma, tulianza naye. Kesho nalipia upekuzi wa kumbukumbu za kampuni BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, nijue ana hisa ngapi sasa.

Asanteni, hasa mliosema nisisaini kitu.