Darasa la kwanza limebaki na watoto 19, nami naambiwa nipunguze kuweka vijiti

NesiMigombani

Habari za leo wanajamvi, na wakubwa shikamooni.

Mimi ni muuguzi wa zahanati moja huku juu Rombo, mkoa wa Kilimanjaro, na kazi yangu mojawapo ni kuweka vijiti vya uzazi wa mpango, vile vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono kuzuia mimba. Naomba mnisaidie kufikiri, maana tangu kikao cha kijiji cha wiki iliyopita silali vizuri.

Mwalimu mkuu alisimama akasoma walioandikishwa darasa la kwanza mwaka huu: 19. Akakumbusha kwamba yeye alipoanza kazi hapo darasa moja lilikuwa na mikondo miwili, na watoto walikaa wanne dawati moja. Watu wakanyamaza. Halafu mzee mmoja akanigeukia: "Nesi, hivyo vijiti vyako vitatumaliza." Makofi yakapigwa. Kabla ya kufunga kikao likaletwa pendekezo: mwanamke asiwekewe kijiti wala kitanzi mpaka afikishe watoto watatu, na aje na karatasi yenye saini ya mume. Kamati ya zahanati italijadili, nami nitoe maoni ya kitaalamu.

Sikutaka kuwajibu kwa hasira kwa sababu uchungu wao naujua. Kila asubuhi napita nyumba tatu zilizofungwa kufuli, ndizi zimeiva zinaangukia chini, hakuna wa kuzikata.

Lakini kuna jambo nimelibeba tangu nilikotoka. Kabla ya kuhamia huku nilifanya kazi miaka sita wilayani Meatu, mkoa wa Simiyu. Kule kilio kilikuwa kwamba watoto ni wengi mno. Kituo nilichokuwapo kilikuwa na karatasi ukutani yenye lengo la vijiti la kila mwezi, na tukipungukiwa mganga mfawidhi anapigiwa simu. Mwaka 2017 alikuja mama wa watoto wanne, ametembea tangu alfajiri. Kijiti chake kilikuwa na miezi minane, damu inatoka kidogo kidogo haikatiki, mume ameanza kununa. Alitaka kitolewe. Nikamwambia avumilie, mwili utazoea, na kwamba kijiti hicho ni cha miaka mitatu. Nilisema kwa upole kabisa. Ukweli ni kwamba kutoa hakukuhesabiwa kwenye ile karatasi, kulihesabiwa kuweka tu.

Baada ya wiki kama sita alirudi, mkono wa kushoto umefungwa kipande cha khanga. Nilipofungua nikakuta mkato wa wembe, urefu wa kidole gumba, umetunga usaha, na ncha ya kijiti inaonekana nyeupe ndani ya nyama. Alijaribu kukitoa mwenyewe nyumbani, akashikwa na kizunguzungu akaacha. Nilipokuwa namsafisha hakunilaumu hata kidogo. Alichouliza ni kama nitamtoza hela ya dawa.

Mwaka uliofuata, Septemba 2018, Rais Magufuli alihutubia hukohuko Meatu, akawaambia wenye ng'ombe na mashamba kwamba hawana sababu ya kuzuia uzazi, na mwezi huohuo matangazo ya uzazi wa mpango ya redio na televisheni yakasimamishwa. Huduma yenyewe haikufutwa, lakini wanawake wakawa wananiuliza kwa sauti ya chini kama sindano bado inaruhusiwa.

Kule nilisukumwa niweke, huku nasukumwa nisiweke. Mara zote mbili mwanamke aliyekaa mbele yangu hakuna aliyemuuliza anataka nini. Nataka kuiambia kamati hivyo, ila niseme kwa namna ambayo wazee hawatajiona wametukanwa. Mngesemaje?

---

MzeeKahawa

Marahaba mwanangu. Mimi si yule mzee wa kikaoni, lakini ningekuwapo huenda ningepiga makofi, kwa hiyo acha niseme.

Baba yangu alizaa tisa kwenye kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa. Tulipogawana niliambulia robo tatu ya eka, na humo ndani yamo makaburi ya baba na mama. Kahawa nusu niliing'oa bei ilipoanguka. Wanangu ni wanne: wawili Dar, mmoja Arusha, mmoja yuko Muscat anafanya kazi za ndani. Wajukuu wote kwa jumla ni watatu. Krismasi wakija nyumba inachangamka siku tano, kisha inarudi kuwa mimi na mama yao na redio.

Krismasi iliyopita nilimkalisha binti yangu mkubwa nikamwambia aongeze. Hakunijibu vibaya. Alichukua kalamu akaandika nyuma ya bahasha: kodi ya vyumba viwili Tegeta, ada, basi la shule, dada wa kazi, matibabu. Akajumlisha. Pembeni akaweka mshahara wake na wa mumewe. Bahasha hiyo ninayo mpaka leo, na nimeisoma mara nyingi. Humo ndani hakuna kijiti.

Kwa hiyo habari ya watoto watatu na saini ya mume mimi siiungi mkono. Ila nina dukuduku. Binti wa mdogo wangu ana mwaka wa sita kwenye ndoa na hajapata mimba. Yuko hapahapa kijijini, kila Jumapili anaulizwa maswali mlangoni mwa kanisa. Kama kijiji kinataka watoto kweli, mbona kwenye vikao vyetu hakuna anayemtaja? Akija kwenye zahanati kama yako anapewa nini?

---

MwalimuJiografia

Dada nesi, mada hii naifundisha kidato cha nne kila mwaka, na hadithi yako imenionyesha kitu ambacho ubaoni sijawahi kukieleza vizuri.

Utafiti wa afya na demografia wa 2022 ulionyesha wastani wa nchi ni watoto 4.8 kwa mwanamke. Mwanzoni mwa miaka ya tisini ulikuwa zaidi ya 6. Sasa tazama mikoa yako miwili: Simiyu ndiyo ya juu kabisa Bara, 6.7, na Kilimanjaro ndiyo ya chini kabisa, 2.8. Umefanya kazi kwenye ncha zote mbili za nchi moja! Na katika nchi hiyohiyo, kati ya wanawake watano walioolewa, mmoja anataka kupumzika au kuacha kuzaa lakini hana njia yoyote anayotumia. Kwa hiyo anayesema tatizo letu ni vijiti kuzidi hajatazama hesabu.

Waeleze wazee habari za Romania. Mwaka 1966 serikali ya Ceaușescu ilitoa Amri namba 770: utoaji mimba marufuku isipokuwa kwa wachache, na dawa za kuzuia mimba zikawa hazipatikani. Mwaka mmoja tu baadaye uzazi ulikaribia kuwa mara mbili, kutoka 1.9 hadi 3.7. Wakashangilia. Kisha watu wakatafuta njia za vichochoroni, na kiwango kikaanza kushuka tena huku amri ikiwa bado ina nguvu. Wanawake maelfu walikufa kwa kutoa mimba kwa siri, na vituo vya watoto waliotelekezwa vikafurika. Serikali ilipoanguka Desemba 1989, amri hiyo ilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufutwa. Iran nayo ilijenga huduma nzuri ya uzazi wa mpango kuanzia 1989, kisha ikageuka, na sheria ya 2021 ikazuia hata ugawaji wa bure kwenye vituo vya umma. Wanaozaliwa wameendelea kupungua.

Silaha yako kubwa mezani ni Itifaki ya Maputo, mkataba wa Afrika wa haki za wanawake, Ibara ya 14. Tanzania iliiridhia mwaka 2007. Inasema mwanamke ana haki ya kuamua kama azae, azae wangapi na kwa nafasi gani, na kuchagua njia. Soma hilo neno "kama azae" polepole. Linamlinda anayetaka mmoja na linamlinda anayetaka saba. Mama yako wa Meatu alikuwa ndani ya ibara hiyo, na binti wa mdogo wake mzee yumo pia.

---

MamaWawili_Bariadi

Mimi ni wa Simiyu, nimesoma habari ya wembe nikashika mkono wangu mwenyewe.

Kuhusu saini ya mume nawaambia kitakachotokea. Jirani yangu anachoma sindano ya miezi mitatu, kadi yake naiweka mimi ndani ya debe la mahindi, kwa sababu mama mkwe anapekua sanduku. Mkidai saini, huyo hatakwenda kuomba saini. Ataacha sindano, mimba itaingia, na dawa ya kienyeji atakayopewa hamtaiona kwenye vitabu vyenu. Wenye waume wanaosikilizana nao hao hawahitaji karatasi, wanakuja nao wenyewe.

Na sista, uliomba radhi kwa yule mama?

---

NesiMigombani

Mama wa Bariadi, niliomba, siku ileile, nikiwa bado nimeshika mkono wake. Aliitikia kwa kichwa. Kwa kweli sijui kama alinisamehe.

Mwalimu, Ibara ya 14 nimeichapisha nakala sita, moja kwa kila mjumbe. Mwongozo wa wizara nao haudai saini ya mume, nitawaonyesha ukurasa. Ile habari ya bahasha naomba ruhusa yako mzee niisimulie, bila jina, maana nadhani itawafikia kuliko takwimu zangu zote.

Juzi Jumanne nilikuwa na wawili kwa asubuhi moja. Wa kwanza alitaka kutolewa kijiti, ana watoto wawili na wameamua kutafuta wa tatu. Nilikipapasa kijiti kwa kidole mpaka nikasikia ncha yake upande wa kiwiko, nikachoma ganzi chini yake, nikakata kidogo tu, nikasukuma kwa kidole kutoka juu mpaka ncha ikachungulia, nikaivuta kwa kibano. Dakika kumi hazikufika. Alikiomba akitazame, akakigeuzageuza kiganjani. Nikamwambia uwezo wa kushika mimba hurudi haraka, si kama sindano ambayo huweza kuchelewesha miezi mingi. Wa pili ana mtoto mmoja wa miezi saba na alitaka kuweka. Wote wawili nimewaandika kwenye rejesta, mstari kwa mstari, na sasa hivi waliotoa nawajumlisha mwisho wa mwezi kama ninavyojumlisha waliowekewa.

Mzee wangu, kuhusu huyo binti umenigusa. Ni kweli bango letu linaongelea kuzuia tu, nitaandika jingine kwa mkono. Kama hamko mbali nasi, mwambie aje Jumatano baada ya saa nane, kliniki ikiwa imepungua watu, na aje na mumewe, kwa sababu uchunguzi unaanza kwa wote wawili. Asije peke yake kana kwamba kosa ni lake. Nitawapima magonjwa ya zinaa, nitamwelekeza kuhesabu siku zake, kisha nitawaandikia rufaa ya hospitali kwa kipimo cha mbegu za mume na uchunguzi wa mirija, maana hivyo hapa hatuna. Aje na kadi yake ya zamani kama anayo.