Naomba ushauri: mbia wangu hataki tuajiri wahamiaji wenzangu

Wakuu, habari zenu. Nilianza ugenini nikideki ofisi za watu usiku. Leo nina kampuni ya usafi, ndogo lakini mishahara inatoka. Nataka nafasi mpya ziende kwa wahamiaji wenye vibali wanaokataliwa kila mahali kwa kukosa uzoefu. Mbia wangu anasema kuwafundisha kutakula faida. Nikamtajia Hamdi Ulukaya, mhamiaji kutoka Uturuki aliyenunua kiwanda chakavu huko Marekani mwaka 2005 kwa mkopo, akaajiri wakimbizi, na 2016 akatangaza kuwagawia wafanyakazi hisa. Jibu: "Yule bilionea." (Kana kwamba alizaliwa na utajiri huo!)

Mliowahi kuajiri wasioijua lugha vizuri, mafunzo mliyagharamiaje bila kupandisha bei? Na mbia, tuandikishane kwanza, au nianze na wawili watatu ajionee?