Hizi orodha za chipukizi wa NHL zinapimwa na nani? Sisi wa Buffalo tumechoka!

Wakuu, nimefungua jarida la hoki ya barafuni ninalolilipia kila mwezi, nikakuta tena ile orodha ya timu za NHL, ligi kuu ya Marekani na Kanada, zenye hazina bora ya chipukizi, ya kwanza mpaka ya 32. Nimelifunga kwa hasira. Naishi Buffalo, nashabikia Sabres. Kuanzia msimu wa 2011–12 hadi 2024–25 timu yangu haikuingia hatua ya mtoano hata mara moja. Misimu 14 mfululizo, rekodi ya NHL! Na kila drafti, ile siku timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, ikiisha tunaambiwa tuvumilie, vijana wanakuja.

Walikuja. Sam Reinhart tulimchukua wa 2 mwaka 2014, Jack Eichel wa 2 mwaka 2015. Wote wakaondoka 2021. Eichel akabeba Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, na Vegas 2023. Reinhart akaenda Florida, akafunga mabao 57 msimu mmoja, akabeba kombe 2024 na 2025. Bao la ushindi la mechi ya saba 2024 ni lake. Nililitazama nimekaa kimya sebuleni.

Sasa kinachonichoma ni hiki. Kwa Reinhart tulipewa Devon Levi, golikipa kijana, na nafasi ya raundi ya kwanza ya drafti. Kwa Eichel alikuja Alex Tuch, sawa, huyo ni mchezaji kamili, lakini na Peyton Krebs na nafasi nyingine za drafti. Mmeona? Unauza ng'ombe wa maziwa, unarudishiwa ndama, halafu anapita mtu anahesabu ndama na kukusifia zizi. Hazina imejaa kwa sababu timu imeuzwa! Orodha gani inakata alama kwa hilo?

Halafu wanapima kwa namba ya drafti na mabao ya ligi za vijana. Alex Nylander tulimchukua wa 8 mwaka 2016, miaka mitatu baadaye tukamwachia aende Chicago. Lane Hutson alichukuliwa na Montreal wa 62 mwaka 2022, wengi wakimwona mfupi mno kwa beki. Mwaka 2025 akatwaa Calder, tuzo ya mchezaji bora mgeni wa NHL, kwa pointi 66 (mabao na pasi za mabao).

Niliendesha gari hadi Rochester, wanakopikwa vijana wetu kwenye AHL, ligi ya chini ya NHL. Nikamkazia macho mmoja tu, jina namsitiri, anayesifiwa kwa mabao. Kisahani, ndio mpira wa hoki, kikipotea kwenye kona ya wapinzani, badala ya kufunga breki na kugeuka anazunguka duara kubwa, anarudi taratibu. Mara tatu kipindi cha pili! Beki wetu anabaki na watu wawili mbele yake. Safu ya mabao haikuonyeshi hilo.

Mimi napima hivi: leo hii, nani atakupa mtu mzima anayecheza kwa huyo kijana wako? Matthew Savoie, wa 9 mwaka 2022, alipelekwa Edmonton 2024 akaja Ryan McLeod, kiungo wa kuingia barafuni siku hiyo hiyo. Hiyo ni bei, imeonekana.

Jarida nimelikatisha. Anayetaka kunibishia na orodha ya mwaka huu aje pia na ile ya miaka mitano nyuma, tupitie jina kwa jina, wangapi leo wanapewa dakika 15 kwa mechi.