Mrejesho: Taco bila nguruwe hapa Houston

Wakuu, niliuliza niagize taco gani (chapati ndogo ya Kimeksiko inayokunjwa na nyama ndani) tukishindanisha migahawa ya Wameksiko na wenzangu wa kazini, maana nguruwe sili. Asanteni sana! Taco ya al pastor, iliyotokana na shawarma ya wahamiaji wa Lebanoni ila kwa nguruwe, niliwaachia wao. Mimi nilishika birria ya mbuzi, nyama ya kupikwa taratibu kwenye mchuzi wa pilipili, pishi la jimbo la Jalisco huko Meksiko. Iliyonikosha ni ya gari la barabarani: nyama inachambuka yenyewe, tortila, yaani ile chapati, ya mahindi imechovywa kwenye mafuta mekundu ya mchuzi, ikakaangwa mpaka kingo zikakauka. Ndimu, kitunguu, kotimiri, basi. Wenzangu bado wanashikilia al pastor yao. Na aliyenitahadharisha kuhusu maharage, ubarikiwe: nilipouliza, kweli baadhi huyakaanga kwa mafuta ya nguruwe.