Mkristo wa jina tu?

Muulizaji: Wapendwa, juzi nilimfokea mdogo wangu kwa kuvunja kikombe, msalaba ukining'inia shingoni. Akaniuliza, "Dada, huo mkufu ni wa nini?" Nikakosa jibu. Nifanyeje?

Jibu 1: Umeshamwomba msamaha? Anzia hapo, mengine baadaye.

Jibu 2: Matendo 11:26 inasema wanafunzi wa Yesu waliitwa Wakristo kwa mara ya kwanza huko Antiokia. Waliitwa! Sisi tunajibandika wenyewe (nami nimo). Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili, naye hakutoa ushuhuda mrefu; aliahidi kuwarudishia mara 4 wale aliowadhulumu.

Muulizaji: Mara 4 jamani! Haya, nimemwomba. Kacheka, kisha akadai nimwoshee vyombo wiki nzima. Naandika hapa vidole vina povu.