Ameacha dini lakini bado anasema "ni wajibu wangu". Wajibu kwa nani?

BintiBombo:
Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Mimi ni Mnubi wa Bombo, hapa Uganda, nasuka vikapu. Mdogo wangu wa kiume alisoma Makerere, akarudi hasali tena. Mwezi wa Ramadhani, akija nyumbani anakula mchana, ila hujifungia chumbani, mama asimwone. Hilo nimelizoea. Linalonisumbua ni pesa ya dawa za presha za mama: kila mwezi lazima atume kutoka Juba anakofanya kazi, hata kama hajalipwa, na hapo hukopa. Nikamwambia apunguze, nitajazia mimi. Akanijia juu: "Siwezi, ni wajibu wangu."

Mimi nikisema wajibu, namjua aliyeniwajibisha na najua nitaulizwa. Yeye anasema hakuna wa kumuuliza. Nilipombana akasema Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, alishaonyesha kwamba akili yenyewe inatosha kutuamuru. Ni kweli, au anatembea na mabaki ya madrasa? Tafadhali msinijibu "mwombee dua". Dua naomba tayari.

Mwalimu_Jinja:
Dada, umeuliza kama Elizabeth Anscombe, mwanafalsafa wa Oxford na Mkatoliki haswa. Mwaka 1958 aliandika kwamba ile "lazima" nzito ya maadili ilikuwa na mashiko watu walipoamini yuko Mungu mtoa sheria, kama Wayahudi na Torati yao, kisha Wakristo. Imani ikapungua, lazima ikabaki inaning'inia. Ni sawa na kufuta sheria za jinai na kufunga mahakama zake, halafu watu waendelee kuitana wahalifu. Aristotle, Mgiriki wa kale, anasema, aliandika maadili bila kuihitaji lazima ya aina hiyo.

Kant naye alizaliwa Königsberg mwaka 1724, wazazi wake Walutheri wa kundi la Wapietisti, watu wa sala na kujichunguza moyo. Kitabu chake cha 1785 kinafundisha kwamba wajibu ni sheria ambayo akili inajiwekea yenyewe. Schopenhauer, mwanafalsafa mwingine wa Kijerumani, hakumwachia: mwaka 1840 alidai amri hizo za Kant chimbuko lake ni Amri Kumi za Musa. Hapo naona anamwonea. Mimi hesabu nilifundishwa na masista, na hesabu haijawa ya Kikatoliki.

Mpakani_Busia:
Mnazunguka mbali bure. Kijana anaogopa aibu. Mtoto wa kiume asipomtunza mama, mtaa mzima utamsema.

BintiBombo:
Kaka, mtaa haujui lolote. Pesa inaingia kwenye simu yangu, na mama anadhani dawa nanunua mimi. Ndivyo alivyotaka mwenyewe.

Ustadhi_Mbale:
Wa aleikum salaam. Hata sisi Waislamu hatujawahi kuwa na kauli moja. Mu'tazila, kundi la wanazuoni wa zamani wa Basra na Baghdad, walisema akili yaweza kutambua wema na ubaya, na kumwajibisha mtu, hata kabla ya wahyi, yaani ufunuo wa Mungu. Mwanazuoni Al-Ash'ari alikuwa mmoja wao, akawaacha, akasema pasipo sheria ya Mwenyezi Mungu hakuna wajibu. Mdogo wako yuko karibu na Mu'tazila kuliko anavyodhani. Tofauti ni kwamba wao waliendelea kusali.

Mganda_Mukono:
Nawapinga wote wawili, mwalimu na ustadhi. Uislamu ulifika kwa Suuna, Kabaka (mfalme) wa Buganda, mwaka 1844. Kabla ya hapo Buganda watu walikuwa wanatoka kwa bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya jamii, bila kitabu chochote: ngoma ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe, barabara inalimwa, kisima kinasafishwa. Nakubali, nyuma ya ngoma alikuwapo chifu, na nyuma ya chifu Kabaka.

Dini ilileta kitu kingine, wajibu unaomzidi Kabaka. Miaka ya 1870 vijana Waislamu wa ikulu walikataa nyama ya Kabaka Mutesa kwa kuwa haikuchinjwa kisheria, wakauawa, wengi wao Namugongo, karibu na Kampala. Tarehe 3 Juni 1886, chini ya Kabaka Mwanga, Wakristo wakachomwa moto huko huko. Siku hizi mahujaji wanajaa kila Juni na wale wa kwanza hatuwataji sana. Kwa hiyo swali langu kwa kijana wa Juba si nani alimfundisha wajibu. Namuuliza ni nani atampa nguvu ya kukataa nyama ya mkubwa.

BintiBombo:
Nimemtumia yote haya. La nyama hajajibu. La Anscombe amecheka, anasema huyo mama hakuwaamuru wasioamini warudi kwa Mungu, aliwaambia waachane na hiyo "lazima". "Basi lazima nitaiacha, pesa nitatuma." Mwalimu, ni kweli alisema hivyo?

Mwalimu_Jinja:
Kweli. Alishauri kwamba badala ya kuliita tendo "baya kimaadili", mtu alitaje lilivyo: huu ni uongo, hii ni dhuluma. Akaongeza kwamba kabla ya kuendelea inabidi tuelewe kwanza saikolojia ya binadamu, kazi ambayo aliona wanafalsafa wa wakati wake hawajaifanya.

Mganda, la nyama mwache kijana alijibu mwenyewe. Mimi nalitaka jibu lake.