Uwanja mpya wa gofu katikati ya jiji: hekta 60 kwa watu 192 kwa siku. Mnatufanya mazuzu?

Wakuu, salamu zenu. Nisalimie kabisa sasa, maana nikishaanza sitakumbuka.

Hivi nani aliwaroga hawa wapanga miji? Jiji limejaa mpaka pomoni, watoto wanacheza mpira barabarani wakikwepa magari, wazee hawana hata benchi la kupumzikia kwenye kivuli. Halafu kipande cha mwisho cha ardhi ya umma kikipatikana, wakubwa wanakaa, wanatafakari, wanakuja na jibu: uwanja wa gofu wa mashimo 18. Ukihoji unaoneshwa ramani iliyopakwa rangi ya kijani na kuambiwa "tunalinda eneo la kijani la jiji". Kijani cha nani, ndugu zangu? Eneo la kijani ambalo ukikanyaga unafukuzwa na mlinzi lina tofauti gani na ukuta?

Tuache kelele, tupige hesabu. Uwanja kamili wa mashimo 18 unakula hekta 50 hadi 60, na vipo vinavyozidi hapo. Wachezaji huanza kwa makundi, kundi moja watu wanne, na kati ya kundi na kundi lazima zipite kama dakika 10 ili wasipigane mipira ya kichwa. Kwa hiyo kwa saa wanaanza watu 24. Raundi nzima inachukua kama saa nne, hivyo wa mwisho hawawezi kuanza jioni. Tuwape saa nane za kuanzisha makundi, kila nafasi imejaa, hakuna aliyechelewa, mvua haijanyesha. Wanapatikana watu 192. Siku nzima. Hekta 60.

Sasa chukua uwanja wa mpira wa miguu wa mita 105 kwa 68. Haufiki hata hekta moja. Saa hizo hizo nane unachezesha mechi nne, watu 22 kila mechi, jumla 88, na waliokaa pembeni kushangilia sijawahesabu. Viwanja vitatu tu vya mpira vinahudumia watu wengi kuliko uwanja mzima wa gofu, na ardhi inayobaki ni zaidi ya hekta 50. Pandeni miti, jengeni shule, wekeni njia za baiskeli, hata mkiacha majani yaote yenyewe watu watajua cha kufanya nayo.

Na mnajua hekta zote hizo zinahudumia nini? Shimo la gofu lina kipenyo cha milimita 108. Yakusanye yote 18, uyapange sakafuni, hayajazi hata robo ya mita ya mraba.

Kuna watu watakuja hapa na ile ya "lakini nyasi ni mazingira". Nenda kaangalie zile nyasi zinazozunguka shimo. Zinakatwa mpaka zibaki kama milimita 3, karibu kila siku, kwa mashine maalumu, ili mpira uteleze bila kudunda. Jani lililokatwa hivyo halina nguvu ya kujilisha, mizizi yake inakuwa mifupi, jua dogo tu linaugua. Ndiyo maana linadekezwa kwa maji kila mara, mbolea, dawa ya kuvu, dawa ya magugu. Mvua ikinyesha sana, sehemu ya vitu hivyo inatafuta njia ya kwenda mtoni. Hayo ndiyo mazingira mnayotuhubiria.

Maji ndiyo yananipandisha presha zaidi. Milimita moja ya maji juu ya hekta moja ni lita 10,000. Hiyo ni hesabu ya shule ya msingi, haihitaji mtaalamu mshauri. Msimu wa kiangazi kikali nyasi zinaweza kutaka milimita 4 kwa siku. Ukimwagilia hekta 30 tu, nusu ya uwanja, umemwaga lita 1,200,000 kwa siku moja. Mpe kila mtu lita 100 za kunywa, kupika, kuoga na kufua, hayo ni matumizi ya watu 12,000. Watu 192 kwa watu 12,000! Halafu mabomba ya mitaani yakikauka tunaambiwa tuwe wavumilivu, ni mabadiliko ya tabianchi. Najua watasema watatumia majitaka yaliyosafishwa. Sawa, vipo viwanja vinavyofanya hivyo na ni jambo jema. Basi mtambo wa kusafisha ujengwe kwanza, uonekane unafanya kazi, ndipo nyasi zipandwe. Mbona siku zote nyasi zinatangulia?

Msidhani ni porojo za wivu. Agosti 2022 Ufaransa ilikuwa kwenye ukame mbaya, wananchi katika maeneo mengi wamekatazwa kumwagilia bustani na kuosha magari, lakini viwanja vya gofu vikaachiwa kumwagilia zile sehemu za mashimo. Karibu na Toulouse watu wakaingia usiku wakayajaza mashimo kwa saruji. Simshauri mtu afanye hivyo, uharibifu ni uharibifu. Ila hasira yao naielewa mpaka mwisho.

Ngoja niseme lile ambalo kwenye vikao vya kukusanya maoni halitamkwi. Mara nyingi gofu yenyewe siyo biashara. Biashara ni viwanja vya nyumba vinavyouzunguka. Mwekezaji anapewa ardhi kubwa kwa jina la michezo, anapanda nyasi, thamani ya pembeni inapanda, anauza nyumba za kifahari zenye "mandhari". Baada ya miaka kadhaa klabu inalia hasara, inaombwa ruhusa ya kubadilisha matumizi, na ile ardhi ya kijani nayo inakatwa vipande. Rio de Janeiro walikuwa na viwanja vya gofu tayari, lakini kwa ajili ya Olimpiki ya 2016 kikajengwa kingine kipya kwenye eneo la Barra da Tijuca, na sehemu ya hifadhi ya Marapendi ikamegwa. Aliyejenga alilipwaje? Kwa ruhusa ya kupandisha maghorofa ya kifahari jirani. Wananchi walipinga, walienda hadi mahakamani, uwanja ukajengwa.

China nao walipiga marufuku viwanja vipya mwaka 2004, wakati huo vilikuwa havifiki 200. Vikaendelea kuchipuka kwa majina ya bustani na vituo vya mapumziko mpaka vikapita 600, na mwaka 2017 serikali ikafunga 111 kwa mpigo. Kwa hiyo mtu akikuambia "tutaweka masharti makali", mwambie hata wenye mkono mzito walichezewa.

Cha kuchekesha ni kwamba huko mchezo ulikokulia wana adabu kuliko hawa wanaouiga. Uwanja mkongwe wa St Andrews, Uskoti, upo kwenye ardhi ya umma. Tangu mwaka 1552 haki ya wenyeji kuitumia ardhi ile iliandikwa rasmi. Hadi leo Jumapili kwa kawaida gofu hakuna, watu wanatembea na mbwa na watoto wao pale pale ambapo mabingwa wa dunia wanatolea jasho. Hakuna aliyekufa, na nyasi zipo.

Na wenye ardhi finyu wameanza kurudi nyuma. Hong Kong, foleni ya nyumba za serikali ikiwa imepita miaka mitano, Septemba 2023 serikali ilichukua hekta 32 kati ya 172 za uwanja wa gofu wa Fanling. Klabu ikapinga mahakamani, bila shaka, na kundi la watu wenye sauti kubwa likagundua ghafla kwamba linapenda popo na vipepeo wa usiku wa pale. Singapore waliacha mkataba wa ardhi wa klabu ya gofu ya Keppel Club uishe mwisho wa 2021 ili pajengwe nyumba. Wao wanapunguza, sisi tunaanza. Akili gani hii?

Hoja ya ajira nimeisikia. Wakata nyasi, wabeba mikoba, wahudumu wa klabu, ni ajira halali na siwadharau hata kidogo. Lakini bustani ya umma nayo inafagiliwa na watu, viwanja vya michezo vinahitaji makocha na walinzi. Na kweli, uwanja wa gofu ni bora kuliko maegesho ya magari, maji ya mvua yanapata pa kuzama. Hilo nawapa. Ila mbona tunapewa kuchagua kati ya gofu na lami, kana kwamba bustani ni kitu ambacho hakijawahi kugunduliwa?

Kama lazima mcheze, jengeni mashimo tisa mafupi nje ya jiji, kwa pesa zenu, kwa maji yenu. Kama mnataka ardhi ya umma, basi wekeni mkataba hadharani kabla ya kusainiwa: kodi kiasi gani, miaka mingapi, maji kutoka wapi, siku zipi geti linafunguliwa kwa kila mtu, na kifungu kinachosema klabu ikifa ardhi inarudi kwa wananchi, si kwa mwekezaji.

Wale wa "unachukia matajiri" karibuni, nawasubiri. Njooni na hesabu tu, matusi ninayo yangu ya kutosha.